Kimya Kina Mshindo: Dabo na Pasi Katika Historia ya Briji



Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya jarida la mkutano wetu, nadhani alitazamia niandike habari za misheni, au za mashamba ya migomba, au za njia ya zamani ya kutoka Morogoro mjini kuja Matombo kupitia Kiroka na Mkuyuni. Mambo hayo wako wenye kuyajua kuliko mimi. Mimi nimechagua historia ya maneno mawili tu ya mchezo wa karata uitwao briji: neno "dabo" na neno "pasi". Huenda msomaji akaona kuwa hilo ni jambo dogo mno la kujazia kurasa za jarida. Namwomba avumilie. Maneno hayo yana historia ndefu yenye mafunzo, na mwisho wa historia hiyo lipo deni langu binafsi ambalo halina budi kulipwa hapa hapa, mbele yenu.

Wale tuliosoma pamoja mnamkumbuka mwalimu wetu wa hesabu, aliyekuwa akitukusanya Jumamosi alasiri, baada ya kazi za mikono, katika darasa la mwisho linalotazama milima. Alikuwa na pakiti mbili za karata zilizochakaa na kitabu kimoja cha briji ambacho kurasa zake zilikuwa zimelegea. Alikuwa akisema kwamba mtu anayeweza kuhesabu karata 52 kichwani hawezi kushindwa na mtihani wa hesabu. Wengine tulishindwa pamoja na hayo, lakini briji tuliijua.

KARATA ZETU NA MAJINA YAKE

Kwanza nieleze mchezo wenyewe kwa wasioujua. Wachezaji ni wanne, wawili wawili, na kila mmoja hukaa akimkabili mwenzi wake. Kila mtu hugawiwa karata 13. Mpwani yeyote atazitambua mara moja: pau, uru, kopa na shupaza. Majina hayo tuliyapata kwa Wareno waliokuja pwani yetu tangu mwisho wa karne ya 15; hata neno "karata" na neno "turufu" ni ya kwao. Jambo la kupendeza ni kwamba nilivyoyapanga hapo juu ndivyo yapangwavyo katika briji kwa cheo: pau ya chini kabisa, kisha uru, kisha kopa, na shupaza juu ya zote.

Kabla ya karata hata moja kuwekwa mezani, hufanyika mnada. Kila mchezaji kwa zamu yake hutaja idadi ya mizunguko ambayo upande wake utaishinda, pamoja na turufu anayoitaka. Mizunguko sita ya kwanza haihesabiwi, kwa hiyo asemaye "kopa nne" ameahidi kushinda mizunguko kumi kati ya 13, turufu ikiwa kopa. Anayetaja dau kubwa kuliko wengine hupewa mkataba, naye akishindwa kuutimiza upande wake hutozwa.

Sasa zingatia jambo hili. Katika mnada huo mtu haruhusiwi kusema lolote nje ya msamiati uliowekwa. Yako madau 35, kuanzia pau moja hadi saba bila turufu. Zaidi ya hayo yako maneno matatu tu: pasi, dabo na ridabo. Jumla yake ni maneno 38. Kwa maneno hayo 38 watu wawili wasioonyeshana karata hawana budi kuelezana karata 26. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka mia wachezaji wamekuwa wakijaribu kulifanya kila neno libebe mzigo mkubwa zaidi, na mizigo mizito kuliko yote ilikuja kutwikwa yale maneno yaliyoonekana hayana kitu.

DABO: TUSI LILILOGEUKA KUWA SWALI

Mchezo huu ulitokana na mchezo wa zamani wa Waingereza uitwao whist, ambao haukuwa na mnada. Mwaka 1886 John Collinson alichapisha huko London kijitabu kidogo chenye kanuni za mchezo alioueleza kuwa ni whist ya Kirusi, na humo tayari dabo ilikuwamo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaongezwa mnada. Mwaka 1925 Mmarekani Harold Vanderbilt, akiwa safarini katika meli iitwayo Finland iliyopita mfereji wa Panama, akatunga namna mpya ya kuhesabu alama. Namna hiyo ndiyo iliyozaa briji tuicheza mpaka leo.

Katika siku hizo za mwanzo dabo ilikuwa na maana moja tu. Mpinzani anasema atashinda mizunguko kumi, nawe unamwambia: "Hutaweza, na ukishindwa, adhabu yako iongezwe." Lilikuwa neno la majivuno, karibu na tusi. Lakini katika muongo wa 1910 Wamarekani wawili, Bryant McCampbell wa St. Louis na Charles Patton wa New York, kila mmoja kwa upande wake, waliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mpinzani akifungua mnada kwa dau dogo, kwa mfano kopa moja, ni nadra sana mtu kuwa na karata za kumwadhibu hapo hapo. Basi neno dabo katika nafasi hiyo lilikuwa limekaa bure, kama shamba lisilolimwa. Wakalipa kazi mpya: "Mwenzangu, nina karata nzuri, lakini si za kopa. Chagua wewe turufu katika zile tatu zilizobaki."

Hivyo neno lililokuwa la kumtisha mpinzani likawa swali kwa mwenzi. Zamani wako waliolalamika kuwa huo ni ujanja, eti neno liseme lisilolisema. Malalamiko hayo yakafifia, na leo mtoto anayejifunza briji hufundishwa dabo hiyo katika masomo ya kwanza kabisa.

Mlango ulipofunguka haukufungwa tena. Mwaka 1929 Theodore Lightner alitoa wazo kwamba dabo dhidi ya mkataba mkubwa sana, wa mizunguko 12 au 13, imwagize mwenzi aanze na karata isiyotazamiwa. Mwaka 1957 Alvin Roth, pamoja na mwenzi wake Tobias Stone, akafanya mapinduzi mengine: mwenzi wangu amefungua mnada, mpinzani ameingilia kwa dau dogo, nami nikisema dabo simwadhibu mtu, bali naeleza kuwa ninazo zile aina ambazo hazijatajwa. Mwaka huo huo Warusi walirusha angani setilaiti ya kwanza, Sputnik, na wachezaji wakaibandika dabo hiyo jina la Sputnik. Baada ya hapo zikafuata dabo za kila namna: dabo ya kuitika dabo ya mwenzi, dabo ya kuonyesha kuwa una karata tatu za turufu aliyoitaja yeye, na nyinginezo. Mwalimu wetu alikuwa akituambia kuwa katika madau ya chini dabo ni swali, na katika madau ya juu ni kofi, na kwamba kazi ya mchezaji ni kujua ngazi inapobadilika.

PASI: KIMYA KINACHOLAZIMISHA

Tukija kwenye pasi, historia yake ni ya ajabu zaidi. Pasi ni neno la asiye na la kusema. Wa kwanza akipasi, na wa pili, na wa tatu, na wa nne, karata hukusanywa na kugawiwa upya. Nani angefikiri kwamba neno hilo linaweza kuwa na nguvu kuliko yote?

Njia yake ilianza kufunguliwa na wazo la kulazimisha. Ely Culbertson, aliyeieneza briji Marekani kuliko mtu mwingine yeyote katika miaka ya 1930, alifundisha kwamba yako madau ambayo mwenzi wako akiyataja huna ruhusa ya kupasi. Lazima ujibu hata kama karata zako ni takataka. Wazo hilo likikubalika, linalofuata haliko mbali. Chukua mfano huu. Mimi na mwenzangu tumekwisha kuonyeshana wazi kwamba karata kubwa ziko kwetu, nasi tumefika kopa nne. Wapinzani, wakijua kuwa tutautimiza mkataba, wanajitoa kafara kwa shupaza nne: wako tayari kutozwa kidogo ili watuzuie kupata kikubwa. Sasa ni zamu yangu. Nikisema dabo, namaanisha tuwaadhibu. Nikisema kopa tano, namaanisha tuendelee. Je, nikiwa sijui lipi lifaalo? Hapo nasema pasi. Kwa kuwa karata nyingi ni zetu, haiwezekani tuwaache wapinzani wacheze bila adhabu. Kwa hiyo pasi yangu haiwezi kuwa mwisho wa mnada. Inamlazimisha mwenzangu aamue: "Mimi niko katikati. Wewe unaionaje?"

Waliobobea walisonga mbele zaidi. Nikipasi, mwenzangu akasema dabo, kisha mimi nikaiondoa dabo hiyo kwa kutaja kopa tano, nimeonyesha karata bora kuliko kama ningetaja kopa tano papo hapo. Yaani aliyenyamaza kwanza ana nguvu kuliko aliyesema upesi. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, ingawa hawakuwa na karata mkononi.

Upeo wa jambo hili ulifikiwa na Wapolandi. Miongoni mwa watungaji wao alikuwamo Łukasz Sławiński. Waliugeuza mnada chini juu: mchezaji wa kwanza mwenye karata nzuri, za kutosha kufungua, anasema pasi, na asiye na kitu ndiye analazimika kutaja dau. Dau hilo la mnyonge wenyewe wa lugha ya Kiingereza waliliita kwa mzaha "mbolea", jina ambalo mkulima wa Uluguru atalielewa bila kufafanuliwa. Mitindo hiyo ikaenea hadi Australia na New Zealand katika miaka ya 1980, na wapinzani wakachanganyikiwa. Utajitetea vipi mbele ya mtu ambaye kunyamaza kwake ni tishio na kusema kwake ni unyonge?

SHERIA YA KUTOFICHA

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha makala yangu. Shirikisho la Briji la Dunia, lililoanzishwa mwaka 1958, halikusema kwamba pasi haiwezi kuwa na maana ya nguvu. Lilisema kwamba mitindo ya namna hiyo itumike katika mashindano marefu tu, tena wapinzani wajulishwe mapema ili wajiandae. Kanuni iliyo chini ya uamuzi huo ni ya zamani kuliko Wapolandi: unaweza kukubaliana na mwenzi wako jambo lolote juu ya neno lolote, lakini makubaliano hayo si mali yenu ya siri. Mpinzani akiuliza, anajibiwa kwa ukweli. Tena anayejibu ni mwenzi wa aliyelitaja neno, wala siye mwenyewe. Na upande utakaocheza mkataba, kama maelezo yake yalikuwa na kosa, ni wajibu wake kuyasahihisha mara mnada unapokwisha, kabla ya karata ya kwanza kuwekwa mezani.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana mwaka 1965 mjini Buenos Aires, katika mashindano ya dunia, ambako wachezaji wawili mashuhuri wa Uingereza, Terence Reese na Boris Schapiro, walishutumiwa kwamba walikuwa wakiambiana idadi ya kopa kwa vidole walivyoshikia karata. Shirikisho liliwatia hatiani. Uchunguzi uliofanywa baadaye huko kwao Uingereza ukawaachia mwaka 1966. Hadi leo watu wanabishana. Lakini hakuna anayebishana juu ya kanuni yenyewe. Mwaka 1975 zikaanza kuwekwa pazia mezani katika mashindano ya dunia, ili mtu asimwone mwenzi wake wakati wa mnada.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na katika miaka yangu ya kazi nimekaa katika vikao visivyohesabika. Mwenyekiti huuliza kama kuna mwenye hoja, ukumbi hunyamaza, naye husema kwamba basi tumekubaliana. Mara nyingi nimejiuliza kama ile ilikuwa pasi ya asiye na kitu au pasi ya yule ambaye karata zake ni nzito. Sisi wa Matombo tuna sababu ya kujiuliza. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wazee wetu wachimbe matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wengi walichimba kwa shingo upande, na ofisini ukimya wao ukahesabiwa kuwa ni ridhaa. Mwaka 1955 zikazuka vurugu hapa hapa Matombo, na mpango ule ukaachwa. Waliokaa upande wa pili wa meza walikuwa hawajasoma maana ya ile pasi, wala hawakuwa wameiuliza.

JUMAMOSI ILE

Sasa nilipe deni langu.

Mwaka 1996, tukiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu alitangaza mashindano. Zawadi ilikuwa ni kile kitabu chake, kiwe mali ya washindi. Mliokuwapo mnakumbuka kwamba fainali ilichezwa mvua ikinyesha, darasa limejaa, wengine wamesimama juu ya madawati. Upande mmoja tulikuwa mimi na mwenzangu, ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Upande wa pili walikuwa vijana wawili ambao kila mtu alijua kuwa wanatuzidi. Mmoja wao aliupenda mchezo huu kuliko sisi sote. Alikuwa akinakili kurasa za kitabu kile kwa mkono katika daftari lake, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kukisoma nyumbani.

Usiku wa kuamkia siku ile mimi na mwenzangu tulikubaliana jambo. Wapinzani wakituingilia kwa dau la juu, pasi yetu itakuwa na maana ya karata nzuri na kumlazimisha mwenzi aendelee. Tulikuwa tumelisoma katika kitabu. Kukubaliana vile hakukuwa kosa. Tulikubaliana pia kwamba tukiulizwa hatutasema.

Mgao wa mwisho ukafika, wao wakiwa mbele yetu kwa alama 530. Nilifungua kwa kopa moja. Wa kushoto kwangu akaruka hadi shupaza tatu, mwenzangu akataja kopa nne, na wa kulia, yule kijana wa daftari, akataja shupaza nne. Nikapasi. Wa kushoto naye akapasi. Mwenzangu, kama tulivyoagana, akasema kopa tano. Yule kijana akasita. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, pasi yangu ilikuwa na maana gani. Mwenzangu akamjibu, "Haina maana. Hana la kuongeza."

Kijana akafikiri. Kama mimi sina la kuongeza na mwenzangu amesonga mbele peke yake, basi tumevuka mipaka. Akasema dabo. Tukapasi wote watatu, mnada ukafungwa.

Wakati ule sheria ilikuwa inanidai mimi, mchezaji wa mkataba, nifungue mdomo kabla karata ya kwanza haijawekwa na niseme kwamba maelezo yale si sahihi. Ningemwita mwalimu, naye angeamua. Nilinyamaza. Wa kushoto akaweka karata yake, nami nikashinda mizunguko 11 barabara. Bila dabo, mkataba ule ungetupa alama 450, na tungeshindwa kwa 80. Kwa dabo ulitupa 650, tukashinda kwa 120. Darasa likalipuka kwa shangwe, mwalimu akatukabidhi kitabu. Yule kijana alitupa mkono, akasema kwamba alikosea kuhesabu, na kwamba anajilaumu mwenyewe. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala zilizofuata. Sijapata kumwona tena akishika karata.

Siku ile nilinyamaza mara mbili. Kimya cha kwanza kilikuwa pasi, neno halali la mnada lenye maana tuliyokubaliana. Cha pili ndicho kilichomfanya mtu mwaminifu ajilaumu kwa kosa lisilo lake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimelificha jambo hili tangu mwaka ule.

Mwenzangu kabla hajafariki tulilizungumza mara moja tu. Alisema kwamba mwenye kujibu alikuwa yeye. Nami nilimwambia kwamba mwenye kusahihisha nilikuwa mimi. Hatukufika zaidi ya hapo, na jina lake silitaji hapa kwa sababu hana tena zamu ya kusema.

Kwenu wanafunzi wa sasa, nawashauri mjifunze mchezo huu mkipata mtu wa kuwafundisha. Kubalianeni na wenzi wenu mtakavyo, buni dabo zenu na pasi zenu. Historia niliyoieleza imejaa watu waliofanya hivyo. Lakini mpinzani akiuliza, mwambieni.

Na wewe ndugu yangu wa daftari, ikiwa jarida hili limekufikia: hesabu yako siku ile ilikuwa sahihi. Kitabu bado ninacho, nimekitia jalada jipya, nami nitakuja nacho kwenye mkutano. Ni chako. Na kama utakuwa tayari, nitakuja pia na pakiti ya karata, tutafute wengine wawili tukae mezani. Safari hii uliza lolote utakalo.